JINA WINIFREDA: LIMETOKA WAPI?



Juzi kalasini, wakati wa kuita majina, wengine walimucheka dada mumoja anayeitwa Winifreda. Wakasema: «Jina hilo halina maana, ni la Wazungu tu.» Dada akainama kichwa, hakujibu kitu. Basi, leo tumujibie.

Watu wengi wanafikiri jina hili ni la Waingereza. Sivyo. Limetoka Wales, inchi ndogo kwa upande wa magharibi ya Uingereza, yenye luga yake yenyewe. Huko wanasema Gwenfrewi. Neno «gwen» maana yake ni nyeupe, tena maana yake ni mwenye kubarikiwa. Rangi na baraka ndani ya neno moja! Hata sisi tunasema mutu fulani ana moyo mweupe, na hatusemi juu ya rangi. Waingereza waliposikia jina hilo, wakaligeuza kwa kinywa chao, kama vile sisi tuligeuza «classe» ikawa kalasi.

Gwenfrewi alikuwa mwanamuke wa karne ya 7. Hadithi inasema hivi: Caradog, mwana wa mukubwa, alimutaka kwa nguvu. Musichana akakataa, naye akamukata kichwa. Mujomba wake Beuno akaomba Mungu, musichana akafufuka, na chemchemi ikatoka pale kichwa kilipoanguka. Hadithi hii iliandikwa katika karne ya 12, miaka mingi sana nyuma yake. Kwa hiyo tuisome kama hadithi. Lakini chemchemi iko hata leo, na muji unaitwa Treffynnon, ni kusema muji wa chemchemi.

Gwendolen na Bronwen ni ndugu za jina hili. Hata Jennifer! Lenyewe limetoka kwa Gwenhwyfar.

Tena Wales si mbali nasi sana. Mwaka 1885 misionere William Hughes alitoka Kongo na vijana wawili, Kinkasa na Nkanza, akaenda nao kwao Wales. Wote wawili walikufa kule, wakazikwa kule. Pengine huko pia mutu aliwauliza: «Majina gani hayo?»

Basi, mbele ya kucheka jina la mwenzako, muulize kwanza maana yake. Na wewe, unajua maana ya jina lako? Ukienda kwenu likizo, uliza wazazi.