Kipindupindu na Njia Zake

Kipindupindu kilipoingia Unguja mwaka 1869, kikafisha maelfu ya watu, tabibu James Christie, aliyekuwapo mjini, alizifuatia nyayo zake mpaka barani, kwenye njia za misafara, na habari hizo akazitia kitabuni mwaka 1876. Vijidudu vya kipindupindu hutoka katika choo cha mgonjwa vikaingia majini, na kwa maji hayo humfikia aliye mzima, ambaye, maskini, hudhani kuwa maji maangavu ndiyo maji safi. Kiuacho hasa ni kukaukiwa na maji mwilini. Kwa sababu hiyo dawa ya awali ni ya jikoni: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mgonjwa anyweshwe taratibu, huku akikimbizwa hospitali.