Mwana Baharini Peke Yake: Tumwachie au Tumzuie?

Katika amana zote alizotukabidhi Mwenyezi Mungu hapa duniani, hapana iliyo nzito kuliko mtoto. Mali ikipotea huchumwa nyingine, na nyumba ikianguka hujengwa. Ama mtoto akipotea, hapana wa kumrejesha. Kwa hivyo hatukustaajabu tulipoletewa suala na mume na mke wa mji mmoja wa pwani, waliokhitilafiana juu ya mtoto wao wa miaka 12. Mtoto huyo ameomba ruhusa ya kutweka tanga la ngalawa ya babu yake, aende mpaka kwenye fungu la mchanga na kurudi, bila ya mkubwa pamoja naye. Baba amekubali papo hapo, kwani yeye mwenyewe alianza akiwa mdogo zaidi. Mama amekataa, kwani ana ndugu yake aliyechukuliwa na bahari hiyo hiyo, na maiti yake haikuonekana. Sasa yapata mwezi wa pili, na neno hilo halijesha nyumbani.

Twasema: kila mmoja wao ameshika upande wa haki, na kila mmoja ameuacha upande wa pili.

Mama anayo haki, kwa kuwa Mtume S.A.W. ametufundisha ya kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Na katika Suratul Baqara tumekatazwa kujitia kwa mikono yetu katika maangamizo. Tena Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2014 juu ya kufa maji, lilidhihirisha kuwa maji ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto ulimwenguni. Basi asitokee mtu akamwambia mama huyu kuwa khofu yake ni upungufu wa imani na kwamba yatosha kutawakali. Yule aliyemuuliza Mtume S.A.W. juu ya ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee.

Na baba anayo haki. Mtoto wa pwani akizuiliwa bahari haiachi, bali huiendea kwa siri: hupanda mtumbwi wa watu, unaovuja, saa ambayo hapana ajuaye alipo. Na kijana aliyelelewa kwa kukatazwa tu, siku atakayolazimika kushika usukani hatajua la kufanya.

Je, njia i wapi? Twaona kuwa sharia yetu imekwisha tuonyesha mfano wake. Katika Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu ameamrisha mayatima wajaribiwe, na wakionekana kuwa na busara ndipo wakabidhiwe mali yao. Na Imamu Nawawi, katika kitabu chake Minhaj, ambacho wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wamekisomesha kwa karne nyingi, ameeleza namna ya kuwajaribu: mtoto wa mfanya biashara hujaribiwa katika kuuza na kununua, wa mkulima katika kilimo, na wa fundi katika kazi ya jamaa zake. Ameshurutisha jaribio likaririwe mara mbili au zaidi, na wakati wake uwe kabla ya kubaleghe. Kweli, maneno hayo yamekuja juu ya mali, wala sisi hatutoi fatwa. Lakini ikiwa mali ya yatima haikabidhiwi ila baada ya kujaribiwa, roho yake je?

Basi mtoto wa baharia naye ajaribiwe katika bahari. Kwanza kuogelea, na aogelee na nguo zake mwilini, kwani ngalawa haimpi mtu nafasi ya kuvua. Kisha baba akae naye chomboni, amefunga mikono na mdomo, amwache mtoto atweke, ageuze na ashushe tanga mwenyewe. Kisha wakipindue chombo kwa makusudi penye maji ya kifuani, mtoto ajue kukisimamisha na kukifua maji, na ajue jambo lililo kubwa kuliko yote: chombo cha mti hakizami upesi, basi akishikilie, wala asikiache kwa kutamani pwani inayoonekana karibu.

Tena aulizwe khabari za maji na pepo. Ajue kuwa umande, upepo wa asubuhi utokao bara, humpeleka mtu nje kwa raha, na kurudi ndiko kwenye taabu. Ajue hesabu ya mwezi wetu wa Kiislamu, kwani kiasi cha tarehe 1 na 15 huwa bamvua, mkondo ukawa mkali, na kiasi cha tarehe 8 na 22 huwa maji mafu. Ajue kuwa fungu analolitamani hufunikwa maji yajaapo. Na asianze katika kusi kali ya mwezi wa Juni na Julai, bali angoje demani, bahari inapotulia.

Akishinda hayo, si mara moja bali mara kwa mara, na aende. Na safari za mwanzo baba amfuate kwa mbali katika chombo kingine. Tuna mfano mwema katika khabari ya Anas R.A., iliyopokewa na Imamu Muslim. Alipokuwa mtoto Mtume S.A.W. alimtuma, naye akasimama kwa watoto waliokuwa wakicheza sokoni. Mara akamhisi Mtume S.A.W. amemshika kwa nyuma, akageuka akamwona anacheka. Akamuuliza kama amekwenda alikotumwa. Tazameni, enyi wazazi: alimtuma peke yake, na juu ya hivyo hakumsahau.

Hata mtoto akifuzu, mipaka ibaki: avae jaketi la kuokolea, aseme aendako na saa ya kurudi, na awe pwani kabla ya Magharibi, kwani tumeamrishwa kuwazuia watoto wetu usiku uingiapo. Wala mabinti wasisahauliwe. Wao pia hupanda vyombo, na maji hayachagui; wafundishwe kuogelea mahali pa stara na kwa mavazi ya heshima.

Ama wazazi waliotuuliza, shauri letu ni hili: baba aanze majaribio, na mama awepo pwani ayashuhudie kwa macho yake. Na neno la mwisho, la kumwambia mtoto “nenda”, litoke kwa mama. Na baba awe radhi kulingoja, hata likichukua msimu mzima.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, barani na baharini, na atupe busara ya kuwalea. Amin.