Kupasuliwa Asubuhi na Kulala Nyumbani Usiku

Mwaka 1899, tabibu wa maradhi ya wanawake katika mji wa Chicago, jina lake Emil Ries, aliwatangazia wenziwe jambo ambalo wengi wao waliliona kuwa ni ujasiri uliopita kiasi: kwamba wanawake aliowapasua tumbo aliwapa chakula mapema na kuwaruhusu kunyanyuka kitandani baada ya siku moja au mbili, hali ya kuwa desturi ya zama zile ilikuwa kumlaza mgonjwa chali kwa majuma kadhaa, kwa dhana kwamba kidonda hakipoi ila kwa utulivu mkamilifu. Miaka kumi baadaye, katika mji wa Glasgow huko Uskoti, mpasuaji James Nicoll alitoa hesabu ya operesheni 8,988 walizofanyiwa watoto waliorudishwa makwao bila ya kulazwa, akashikilia kwamba mtoto mchanga hutulia zaidi mikononi mwa mama yake kuliko katika wodi. Fikra za matabibu hao zilikawia kukubaliwa, lakini leo zimefika mahali ambapo hata wao pengine wasingalithubutu kupatarajia, kwani katika hospitali nyingi za Marekani mwanamke ambaye kizazi chake kimeshuka hupasuliwa asubuhi, na usiku wa siku ile ile akalala nyumbani kwake.

Wasikiao habari hiyo hugawanyika makundi mawili. Wako waionao kuwa ni muujiza wa mashine, na wako waidhaniao kuwa ni ubahili wa hospitali zinazotaka kitanda kiwe kitupu upesi. Mimi naona kwamba makundi yote mawili yameyatazama majengo yakawasahau watu. Mgonjwa anayeruhusiwa siku ile ile hajaponea hospitalini, wala hajafukuzwa. Yeye ni amana iliyotoka katika mikono ya wauguzi ikatiwa katika mikono ya jamaa zake, na usalama wake unategemea sana namna amana hiyo ilivyokabidhiwa na ilivyopokewa.

Yafaa kwanza kuyaeleza maradhi yenyewe, kwa kuwa husemwa kwa kunong'onezana, na yasemwayo kwa kunong'onezana hayafahamiki sawasawa. Ndani ya nyonga za mwanamke mna viungo vitatu vilivyo karibu karibu: kibofu cha mkojo mbele, mji wa mimba katikati, na utumbo wa haja kubwa nyuma. Vyote hushikiliwa na kano kutoka juu na misuli kutoka chini, mfano wa mtu aliyelala juu ya kitanda cha kamba. Kamba zikiwa zimekazwa, mlalaji hukaa sawa. Zikilegea, au baadhi yake zikikatika, huzama kidogo kidogo hata akakaribia kugusa sakafu. Uzazi wa njia ya kawaida ndio sababu kubwa ya kulegea huko, hasa ukiwa wa mara nyingi au wenye uchungu wa muda mrefu. Umri nao huongeza, na vivyo hivyo unene wa kupita kiasi, kikohozi kisichokwisha, kukamua chooni kwa sababu ya choo kigumu, na kazi ya kubeba mizigo mizito. Mwanamke huhisi uzito chini ya kinena, au kitu kama uvimbe kinachotokeza ukeni jioni baada ya kusimama kutwa. Wengine mkojo huwaponyoka, na wengine kinyume chake huwa hautoki wote.

Maradhi haya si haba. Marekani imekadiriwa kwamba takriban mwanamke mmoja katika wanane atakuwa amepasuliwa kwa ajili yake kabla ya kutimiza miaka 80. Na asidhani mtu kwamba ni uele wa nchi za mbali, kwa maana utafiti uliofanywa katika wilaya za Hai, Rombo na Same, mkoani Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2018, uliwakuta takriban theluthi mbili ya wanawake waliopimwa wakiwa na kiasi fulani cha kushuka kwa viungo hivi, ingawa wale waliokuwa katika hali mbaya walikuwa wachache. Ni wanawake wangapi waliokwenda shamba na kisimani miaka na miaka, wakauficha udhia huo kwa waume zao na binti zao, kwa kudhani kwamba ni adhabu, au ni aibu, au ni ada ya uzee isiyo na dawa? Dawa ipo, na haina haja ya kuanza kwa kisu. Mazoezi ya kubana misuli ya nyonga, aliyoyaeneza daktari Arnold Kegel wa Marekani tangu mwaka 1948, huwafaa wengi ambao hali yao haijazidi. Na pete ya mpira itiwayo ukeni ili kuvizuia viungo visishuke, ikipimwa vizuri na kusafishwa kwa wakati wake, huweza kumtosha mwanamke kwa miaka mingi.

Yule ambaye hayo hayakumfaa, au hakuyapenda, ndiye anayeelekezwa kwa mpasuaji, na njia za kupasua ni zaidi ya moja. Iko njia ya kupitia ukeni, ambayo haiachi kovu tumboni wala haihitaji mashine za thamani. Archibald Donald wa Manchester aliifanya tangu mwaka 1888, na hata leo ni tegemeo la wapasuaji wengi. Iko pia njia ya juu, iliyoelezwa mwaka 1962, ambayo mpasuaji huchukua kipande cha wavu laini, akakishona upande mmoja katika kilele cha uke na upande wa pili katika mfupa mpana ulio mwisho wa uti wa mgongo, ili kiwe badala ya kano zilizolegea. Zamani kazi hii ilitaka tumbo lifunguliwe kwa mkato mrefu, na mgonjwa alilazwa siku kadhaa. Tangu miaka ya 1990 wapasuaji walianza kuifanya kwa matundu madogo manne au matano, kila moja likiwa na upana wa milimita 5 hadi 12: tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi ili pawe na nafasi, kamera nyembamba hupitishwa katika tundu moja, na vyombo katika matundu mengine, vikishikwa na mikono ya mpasuaji mwenyewe au ya roboti anayoiongoza akiwa ameketi kando.

Hapa pana jambo lisilostahili kufichwa. Wavu uliokuwa ukitiwa kwa kupitia ukeni uliwaletea wanawake wengi maumivu na madhara, hata mwezi wa Aprili mwaka 2019 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ikawaamuru watengenezaji waache kuuza nyavu za namna hiyo kwa ajili ya maradhi haya. Amri ile haikuugusa wavu unaotiwa kwa kupitia tumboni, ambao madhara yake ni machache zaidi. Lakini machache si sawa na hakuna, na mwanamke ana haki ya kuuliza ni kitu gani kitakachoachwa mwilini mwake, na kitaondolewaje kikileta taabu.

Sasa ni kitu gani kinachomwezesha mwanamke aliyefanyiwa kazi kubwa kama hiyo, ambayo aghalabu huchukua saa mbili hadi nne, kusimama na kwenda zake siku ile ile? Udogo wa jeraha ni sehemu tu ya jawabu. Sehemu iliyobaki ni mkusanyiko wa mambo madogo madogo, ambayo mpasuaji Henrik Kehlet wa Denmark aliyahimiza katika miaka ya 1990 alipouliza ni kwa sababu gani hasa mgonjwa hubaki kitandani baada ya kupasuliwa, akaona kwamba mengi yanayomzuia yaweza kukingwa. Mgonjwa haachwi tena na kiu tangu usiku wa jana, bali huruhusiwa kunywa maji mpaka saa mbili kabla ya operesheni. Hupewa nusukaputi ya aina inayotoka mwilini upesi, na dawa ya kuzuia kichefuchefu kabla hakijaanza. Maumivu hutulizwa kwa dawa za kawaida zipangwazo kwa saa, ili zile kali za jamii ya kasumba, ambazo hulevya na kufunga choo, zitumike kidogo kabisa au zisitumike. Na mara anapozinduka hupewa cha kunywa, kisha chakula, kisha husaidiwa kutembea.

Kabla ya kuruhusiwa hupita katika mtihani ambao wagonjwa wengi hawautazamii, nao ni mtihani wa mkojo. Kwa kuwa kibofu hukaa jirani sana na mahali palipopasuliwa, huweza kusahau kazi yake kwa muda. Basi muuguzi hukijaza maji kwa mpira mwembamba uliotiwa katika njia ya mkojo, mara nyingi kiasi cha mililita 300, kisha huutoa mpira huo na kumwambia mgonjwa aende haja ndogo. Akitoa theluthi mbili ya maji yale amefaulu. Asipofaulu si maafa: wengine huenda nyumbani na mpira wao, wakarudi baada ya siku chache ukatolewa. Zaidi ya hayo, shinikizo la damu liwe sawa, asiwe anatapika, maumivu yawe ya kustahimilika kwa vidonge, na awepo mtu mzima wa kumchukua na kulala naye. Sharti hili la mwisho huandikwa chini kabisa ya karatasi, nami ningaliliandika juu kabisa.

Kwa hakika si kila mwanamke anafaa kuondoka. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu usiotulia, aliyetokwa na damu nyingi, ambaye operesheni yake ilimalizika usiku, anayeishi peke yake, au ambaye safari ya kwake ni ya saa nyingi kwa gari katika barabara mbovu, huyo alale hospitali, wala asidhani kwamba ameshindwa. Taarifa za hospitali mbalimbali za Marekani, zilizoongezeka tangu janga la korona la mwaka 2020 lilipovifanya vitanda kuwa adimu, zimeonyesha kwamba wanawake waliochaguliwa vizuri na kuruhusiwa siku ile ile hawakurejea hospitali kwa wingi kuliko wale waliolala. Lakini maneno yaliyobeba uzito wote wa habari hii ni hayo ya kuchaguliwa vizuri, na mtu akiyaondoa akabakiza mengine ameidhulumu elimu.

Huko nyumbani, usiku wa kwanza huwa na mambo ambayo yakijulikana mapema hayatii hofu. Bega laweza kuuma kuliko tumbo, kwa sababu mabaki ya hewa iliyotiwa huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu. Maumivu hayo hupungua kwa siku moja au mbili, na kutembea huyasaidia. Damu kidogo ukeni si ajabu. Kwa muda wa saa 24 mgonjwa asiendeshe gari wala asitie sahihi mikataba, maana nusukaputi huacha ukungu akilini. Atembee nyumbani mara kwa mara, ili damu isigande miguuni. Anywe maji, ale papai na mboga za majani, na apewe dawa ya kulainisha choo, kwa maana kukamua kwa nguvu ni adui wa mishono. Desturi iliyoenea ni kumkataza kunyanyua vizito na kukutana na mumewe kwa majuma sita au zaidi. Siku hizi wako wataalamu wanaolegeza makatazo ya kunyanyua vitu, na kila mgonjwa amfuate mpasuaji wake, ambaye anajua alichokishona.

Zipo dalili ambazo jamaa wa mgonjwa wapaswa kuzijua kwa moyo, na zikitokea wasingoje kupambazuke: homa ipitayo nyuzi 38, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, hasa yakiandamana na kutapika na tumbo kujaa, kwani utumbo uliojeruhiwa bila kuonekana huweza kujidhihirisha siku ya pili au ya tatu, damu ya kulowanisha kitambaa kizima kwa muda wa saa moja, kushindwa kwenda haja ndogo, usaha katika kidonda, mguu mmoja kuvimba na kuuma, na pumzi kuwa fupi au kifua kuchoma. Nambari ya simu ya hospitali iandikwe kwa herufi kubwa mahali ambapo hata mtoto wa shule ataiona, na ijaribiwe mchana ili ijulikane kama inapokewa usiku.

Yote haya yamenifanya niamini kwamba maandalizi ya operesheni ya namna hii huanza nyumbani kabla ya hospitali. Katika mila zetu mzazi alilindwa siku arobaini. Alichotewa maji, akapikiwa uji, akakatazwa ufagio, na shangazi au mama mkwe akahamia chumbani mwake. Mwanamke aliyepasuliwa kizazi anastahili ulinzi uo huo, lakini aghalabu haupati, kwa sababu hana mtoto mchanga wa kuonyesha, kovu lake ni dogo, na yeye mwenyewe ameficha ugonjwa wake hata hakuna ajuaye kwamba ameugua. Siku ya tatu akijihisi hajambo hunyanyua ndoo, na hakuna wa kumzuia. Siri iliyomtesa kabla ya operesheni humtesa na baadaye.

Kwa hiyo mwanamke atakayeambiwa kwamba ataruhusiwa siku ile ile asiulize tu kama mashine ni ya kisasa. Aulize pia atapigia nani simu usiku wa manane, na akiwa mbali ataletwa na chombo gani. Hospitali isiyoweza kumjibu maswali hayo mawili haijawa tayari kumruhusu, hata ikiwa na roboti. Naye kabla hajaondoka kwake kwenda kupasuliwa, na awaambie angalau watu wawili, mmoja wa kulala naye na mmoja wa kushika kazi zake, kwamba anatibiwa nini, aseme kwa jina lake bila kuinamisha uso. Maana huwezi kumkabidhi mtu amana usiyotaka aijue.