Magurudumu ya baiskeli ya mbio kwa barabara za Kimuka

Jozi ya magurudumu ndiyo sehemu ambayo mwendesha baiskeli ya mbio hubadilisha kwanza anapotaka baiskeli bora bila kununua nyingine. Baiskeli nyingi za bei ya kati hutoka dukani na magurudumu mazito ya alumini, kwa sababu hapo mtengenezaji anaweza kubana gharama bila mnunuzi kugundua upesi. Lakini gurudumu lililosifiwa kwenye tambarare za Ulaya si lazima lifae lami inayotoka Ngong, ikazunguka vilima na kuteremkia Kimuka kuelekea Suswa. Huku upepo una sauti kabla ya bei.

Mitambo ya umeme wa upepo ilisimamishwa kwenye vilima vya Ngong mwaka 1993 kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji, na kituo hicho cha KenGen sasa kina uwezo wa megawati 25.5. Katika Kaunti hiyo hiyo ya Kajiado, mitambo 60 ya Kipeto, yenye uwezo wa megawati 100, ilianza kuuza umeme mwaka 2021. Upepo unaozungusha mapanga ya ukubwa huo haushindwi kumsogeza mtu wa kilo 65 kutoka ukingo wa lami hadi katikati ya barabara, hasa pale njia inapokata kona na upepo ukaja ubavuni.

Hapo ndipo kina cha rimu kinapohesabika. Rimu fupi ina milimita 25 hivi kutoka ukingo wa tairi hadi spoku zinapoingia. Ndefu hufika 60 na kupita. Rimu ndefu hupasua hewa vizuri zaidi, na faida yake huonekana kwa anayekwenda kilomita 30 kwa saa au zaidi, kwani kwenye tambarare sehemu kubwa ya nguvu zake huishia kusukuma hewa. Barabara ya Kitengela kwenda Isinya na Kajiado mjini ni ya namna hiyo: ndefu, wazi, yenye miinuko michache mikali. Hata hivyo, kwenye mwinuko wa mita 1,900, ambao ni wa kawaida upande wa Ngong, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita, kwa hiyo na faida ya rimu ndefu hupungua kidogo. Rimu hiyohiyo ndefu hugeuka tanga upepo unapotoka pembeni. Gurudumu la mbele ndilo linaloongoza, na msukosuko wake hufika moja kwa moja mikononi. La nyuma limetulizwa na uzito wa mwili. Kwa hiyo mchanganyiko wa milimita 30 hadi 40 mbele na hadi 50 nyuma una mantiki kuliko jozi ya 60 inayopendeza kwenye picha.

Uzito ndio habari ya kwanza ya muuzaji, nao husifiwa kupita kiasi. Mtu wa kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 8, akipunguza gramu 400 kwenye magurudumu, amepunguza nusu asilimia ya mzigo wote. Katika mlima wa kupanda saa nzima, hizo ni sekunde 18 hivi. Dai kwamba gramu moja ya rimu ni sawa na mbili za fremu lina ukweli wakati wa kuongeza kasi tu; mwendo ukishatulia, gramu ni gramu.

Mteremko ni suala zito zaidi. Barabara ya Magadi hupanda kutoka Kiserian hadi Corner Baridi, kisha huporomoka kuelekea bondeni, na mwisho wake ni ziwa lililo mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Baiskeli yenye breki za kubana rimu hugeuza mwendo huo wote kuwa joto la rimu. Alumini hulitawanya joto hilo. Kaboni hulishikilia, na breki ikishikwa muda mrefu gundi inayounganisha nyuzi zake inaweza kulainika, rimu ikapinda au tyubu ikapasuka. Mwenye breki za aina hiyo na anayependa kushukia Magadi abaki na alumini. Mwenye breki za diski yuko huru, maana joto huishia kwenye sahani ya chuma.

Kisha kuna miiba. Migunga ya Kajiado hudondosha miiba hadi kwenye lami, na malori ya barabara ya Namanga huacha nyuzi za waya kutoka kwenye matairi yaliyopasuka. Rimu inayokubali tairi lisilo na tyubu, likiwa na maji ya kuziba ndani, humaliza matundu mengi madogo bila mwendeshaji kushuka. Upana wa ndani wa rimu za zamani ulikuwa milimita 13 hadi 15. Wa leo ni 19 hadi 25, nao hulikalisha vizuri tairi la milimita 28 au 30. Rimu zisizo na midomo ya kushika tairi zinahitaji tahadhari: kikomo chake ni psi 72, na tairi lazima liwe miongoni mwa yaliyoidhinishwa. Februari 2024, kwenye mbio za UAE Tour, tairi la Thomas De Gendt lilitoka kwenye rimu ya aina hiyo, ajali iliyozua mjadala mrefu. Mwenye mazoea ya kujaza upepo kwa kubonyeza tairi kwa kidole anunue rimu zenye midomo.

Spoku chache hupendeza macho, lakini gurudumu la spoku 20 likikatika moja hupinda hadi kugusa fremu. Black Mamba, baiskeli iliyobeba magunia na maziwa nchini kwa miongo mingi, kwa desturi ina 32 mbele na 40 nyuma. Baiskeli ya mbio haihitaji zote hizo. 24 mbele na 28 nyuma zinatosha mtu wa wastani, mradi ziwe spoku za kawaida zenye kichwa kilichopinda, ambazo fundi hupata kwa urahisi. Habu yenye beringi za kubadilishwa, zinazouzwa kwa namba, ina thamani kuliko ile inayosubiri kipuri kutoka ng'ambo.

Kabla ya kulipa, vipimo vilinganishwe. Baiskeli za breki za rimu huwa na habu za milimita 100 mbele na 130 nyuma. Za diski za sasa ni 100 na 142, zenye ekseli ya milimita 12. Kaseti ya gia 12 ya Shimano ya barabarani huingia kwenye habu ya gia 11, ila ya SRAM ya gia 12 huhitaji habu yake. Na kati ya tairi na fremu ibaki nafasi ya milimita 4 kila upande.

Ambaye fedha zake hazitoshi rimu mpya, anunue kwanza matairi mawili mazuri, mapana kadiri fremu inavyoruhusu, na amlipe fundi anyooshe magurudumu ya zamani. Kwenye lami ya Kimuka atapata sehemu kubwa ya tofauti hiyo kwa bei ndogo.