Taji la Kichwani na Kilemba cha Ukoka

Tangu Idi ipite, nyumba zetu hazijapata nafasi ya kupumua kwa wingi wa mialiko. Mfunguo Mosi ni mwezi wa harusi, nasi twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kila nyumba inayojengwa kwa halali. Lakini wasomaji wetu watakuwa wameona, kama tulivyoona sisi, kwamba kadi za siku hizi huja na maagizo. Siku ya hina ni rangi hii, siku ya kupamba ni rangi ile. Na sasa maagizo yamepanda kutoka kwenye nguo hadi kichwani: kila mwalikwa avae pambo la kichwa la namna moja, linunuliwe kwa mtu fulani, kwa bei fulani, kabla ya siku fulani.

Tumeazimia kuliandika jambo hili kwa sababu ya mama mmoja wa mtaani kwetu. Bi harusi wa juma lile alikuwa mtoto wa jirani yake, aliyemlea mapajani mwake miaka ambayo mzazi wake alikuwa akitoka kwenda kazini. Mtoto yule humwita Khalti tangu alipojua kusema. Mama huyu ana binti watatu. Mapambo manne ya kichwa, kwa bei iliyotajwa, yalikuwa sawa na matumizi ya jikoni kwake ya juma zima. Akatuma zawadi yake ya leso, ikiwa imekunjwa na kufukizwa udi, na ujumbe kwamba magoti yanamsumbua. Usiku wa kupamba alikaa dirishani akisikiliza vigelegele. Sisi tulijua kuwa magoti yake hayana neno.

Pambo hili limetoka wapi?

Hiki kijikofia cha manyoya, wavu na maua ya kitambaa, kibanwacho upande mmoja wa kichwa kwa kitana au utepe, ndicho kiitwacho fasineta. Kwao hasa ni Uingereza, ambako desturi ya wanawake ni kuvaa kofia katika harusi za mchana. Fasineta ilikuja kushika nafasi ya kofia kamili. Wengi walianza kuzitazama kwa makini tarehe 29 Aprili 2011, alipooa Prince William mjini London. Pambo alilovaa binamu yake, Princess Beatrice, kazi ya mshonaji Philip Treacy, lilizungumzwa dunia nzima, wengi walilicheka. Mwezi uliofuata mwenyewe akalipiga mnada, likauzwa kwa zaidi ya pauni 81,000, na fedha hizo zikaenda katika misaada ya watoto. Mwaka 2012, wasimamizi wa mashindano ya farasi ya Ascot walizikataza fasineta katika ukumbi wao wa heshima, wakataka pambo la kichwa liwe na kitako kigumu kisichopungua sentimita 10. Basi hata kwao lina mjadala.

Hatulitaji hili kwa dhihaka. Pwani yetu haijawahi kuukataa uzuri kwa kuwa umevuka bahari. Hariri, udi na marashi vyote vilitujia kwa jahazi. Tunalolitaka ni kukumbushana kwamba vichwa vya wanawake wetu havikuwa vitupu kabla ya fasineta kufika.

Asumini huchumwa ingali vikonyo vilivyofumba, ikatungwa jioni, ikafumbuka usiku kichwani mwa mvaaji wakati sherehe imenoga. Kikuba hufungwa kwa asumini, rehani, mkadi na waridi, kikabanwa nyweleni au kifuani. Mwenye mali na asiye na mali hunukia sawasawa, na asubuhi maua yakinyauka hakuna anayebaki na deni. Kazi hiyo huwalisha kina mama wengi, wanaokaa na sinia na uzi majumbani mwao. Tena kitambaa cha kichwa kilikuwa na heshima yake katika ndoa zenyewe: katika mila za wazee wetu, bwana harusi alitoa mkaja kwa mama wa mke na kilemba kwa baba yake. Kilemba kile kilikuwa shukrani, kikimtukuza anayekipokea.

Dini yasemaje?

Uislamu haukuja kuwanyima watu pambo. Katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, wanadamu wameamrishwa wachukue mapambo yao, na papo hapo wakakatazwa kupita kiasi. Mambo hayo mawili hayatengani.

Bi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, anapokewa na Imam Bukhari akisimulia kwamba zama za Mtume (s.a.w.) alikuwa na kanzu ambayo hapakuwa na mwanamke wa Madina aliyepambwa ila alituma kuiazima kwake. Kanzu ya namna hiyo ilikuwa na thamani ya dirhamu tano. Bi Aisha huyohuyo aliazima kidani cha dada yake, Bi Asma, kikapotea safarini, na katika kukitafuta ndipo ikateremka ruhusa ya kutayamamu. Tuyatafakari haya. Waliokuwa bora kuliko sisi waliazimana mapambo bila ya kuona haya. Sisi leo kuvaa pambo moja harusi mbili twaliona aibu, seuze la kuazima!

Yako na mambo matatu ambayo mpambwaji na mpambaji hawana budi kuyachunga. La kwanza, usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yao. Humo taji na asumini vina nafasi yake. Lakini picha za simu hutoka ukumbini kabla ya wenyewe kutoka, na kilichokuwa cha macho ya kina mama kikawa cha mji mzima. La pili, nywele za kuunganisha zimekatazwa katika hadithi sahihi, na vichwa vilivyoinuliwa mfano wa nundu za ngamia vimetajwa kwa maonyo makali. La tatu, sala. Twasikitika kusema kwamba bi harusi wengi hupitwa na Magharibi na Isha kwa kuogopa kuharibu kichwa. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu Pwani, kupaka maji sehemu ya kichwa, hata iwe ndogo, kunatosha. Mpambaji mwenye busara huacha mahali pa kidole kupita. Ama rangi za uso zisizopitisha maji, zisubiri mpaka bi harusi atawadhe. Kisha aulinde udhu wake mpaka asali.

Tufanye nini?

Ushauri wetu ni mwepesi. Wenye harusi wanaopenda rangi moja na waitaje rangi, wasiitaje bei wala duka. Mwenye mtandio wa rangi hiyo sandukuni umtoshe. Sare za kichwa, zikiwa hazina budi, ziwe za ndugu wa karibu tu, na mwenye shughuli azigharimie. Wenye mataji na mapambo ya mwaka jana wayatoe kabatini, yaazimwe. Jamaa wachache wakiyakusanya, mtaa mzima utapambwa. Na badala ya manyoya ya dukani, agizeni asumini na vikuba, mumfae na mama anayetunga.

Waswahili husema amevishwa kilemba cha ukoka yule asifiwaye kwa sifa za uongo. Majani yale huonekana kama kitambaa kwa mbali, lakini jua likipanda hunyauka. Tunahofia kwamba ukumbi uliojaa vichwa vya namna moja, huku waliomlea bi harusi wamebaki majumbani, ni kilemba cha ukoka tunachojivisha wenyewe. Picha zitapendeza, na watu watasifu. Ila dua ya Khalti yule, aliyemjua mtoto tangu meno ya kwanza, haikuwamo ukumbini.

Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Makusudio ya walima ni watu kukusanyika na kuombea kheri. Basi kabla ya kuituma kadi, na tuipitie orodha yetu tukijiuliza ni nani kati ya hawa atakayesingizia magoti. Tukimwona, tumwendee mlangoni sisi wenyewe, mikononi tuna kikuba chake.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa za vijana wetu, na azijaalie nyumba zao ziwe za utulivu na mapenzi. Amin.