Usomaji wa Fasihi Nyumbani Wakati wa Korona

Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020, watahiniwa wa kidato cha nne walirudi makwao na vitabu vitatu vya lazima: riwaya ya Chozi la Heri, tamthilia ya Kigogo, na mkusanyiko wa hadithi fupi, Tumbo Lisiloshiba. Hawakurejea madarasani hadi Oktoba 12. Redio ilitangaza masomo, lakini redio haiulizwi swali.

Katika Kigogo, Majoka anafunga soko la Chapakazi. Na mwaka huo masoko kadhaa nchini yalifungwa kwa amri. Msomaji aliyemwona mama yake akikosa pa kuuzia mboga aliuelewa msiba wa wachuuzi wa Sagamoyo pasi na kufundishwa. Hata hivyo, sababu za amri hizo hazifanani: moja ni ubinafsi wa mtawala, nyingine ni afya ya umma. Kuzilinganisha bila ya kuzichanganya ni kazi ya uhakiki, nayo huhitaji mjadala, ambao msomaji wa peke yake huukosa. Tena tamthilia hutaka sauti za watu. Ikisomwa kimyakimya hupungukiwa. Riwaya haikupata hasara hiyo.