Vibanda vya Kale Kisiwani Pate



Kwa jirani zetu wa Kenya, katika kisiwa cha Pate karibu na Lamu, yapo magofu ya mji wa Shanga uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Mgeni afikapo huona kuta za mawe ya matumbawe, misikiti na makaburi, akadhani kwamba ameuona mji wote. Kumbe mwanzo wa mji huo umelala chini ya miguu yake.

Kati ya mwaka 1980 na 1988 wataalamu wa mambo ya kale, wakiongozwa na Mwingereza Mark Horton, walifukua mahali hapo tabaka baada ya tabaka. Chini kabisa, katika tabaka la karne ya 8, walikuta alama za vibanda vya miti na udongo. Nguzo huoza, lakini shimo lake hujaa udongo wa rangi nyingine. Mchimbaji mwangalifu huliona kama doa, na madoa hayo yakifuatana huonyesha umbo la nyumba. Hata chini ya msikiti mkuu wa mawe zilionekana alama za misikiti midogo ya miti iliyoutangulia.

Jambo hili ni zito. Kwa miaka mingi waandishi wa kigeni walidai kwamba miji ya pwani yetu iliasisiwa na watu wa ng'ambo. Lakini vibanda hivyo, pamoja na vigae vya vyungu vya kienyeji ambavyo aina yake imeonekana pia katika pwani ya Tanzania, vinashuhudia kwamba Shanga ilianzishwa na Waafrika wenyewe, ambao baadaye walistawi kwa biashara ya baharini.

Ndugu askari, ninyi mnajua kwamba mahali palipotendeka uhalifu hapakanyagwi kabla ya uchunguzi. Ardhi ya kale nayo ni hivyo hivyo. Ukuta wa mawe huonekana na kila mtu. Alama ya kibanda haionekani mpaka imekwisha haribiwa. Basi vigae vikitokea wakati wa kuchimba handaki au kusawazisha uwanja wa kambi, kazi isimamishwe, mkuu ajulishwe, naye awaarifu wahusika wa mambo ya kale. Ushahidi huo ukishapigwa sepetu, haurudi tena.